Siku Tuliyopiga Picha Figo za Mariamu

Mmenisumbua mpaka nimekaa chini. Tangu siku mliyoniaga nilipostaafu, kwa fanta na keki yenye jina langu lililokosewa herufi, kila nikija hospitalini kuchukua dawa ya magoti ninasikia, "Maman Régine, tuandikie mambo ya zamani." Haya, nimekaa. Lakini msitafute humu nilipandishwa cheo lini na mkubwa gani alinipa mkono. Vyeti vyangu viko sandukuni na panya ndio wanaovisoma.

Nitawaandikia juu ya figo. Wawili kati yenu mmerudi majuzi kutoka Kigali kujifunza ile mashine ya sumaku. Mlinieleza mnavyoingiza dawa katika mshipa wa mkono, na punde mishipa ya damu ya figo inaonekana kwenye kioo, myeupe, imejipinda kama mizizi ya muhogo. Mlikuwa na furaha ya watoto, nami nikafurahi nanyi. Kisha mmoja wenu akasema neno lililoniudhi. Alisema mashine yenyewe ndiyo inayomwambia mgonjwa vuta pumzi, shika, pumua, kwa sauti iliyorekodiwa, na nyinyi mnakaa chumba cha pili na chai yenu. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa mgeni. Sasa niko nyumbani kwangu, sinyamazi.

Mimi ni mtoto wa Bukavu. Wazazi wangu walikimbilia kule mimi nikiwa bado tumboni, na nilikulia kwenye vilima vile nikiitwa Mnyarwanda. Niliporudi Rwanda nikaitwa Mkongomani, basi nikajua dunia ina utani wake. Kazi ya kupiga radio, kama tunavyoita picha za mifupa na matumbo sisi wa huku, nilifundishwa na Papa Anselme, mzee mfupi mwenye vidole vya rangi ya chai. Vidole vile vilikuwa vimepakwa na dawa ya kusafishia filamu miaka mingi mpaka hata sabuni ilikata tamaa. Hakujua kusifu. Filamu ikiwa nzuri aliitundika ikauke, ikiwa mbaya aliitundika karibu na mlango ili wote waione.

Somo lake kubwa lilikuwa la pumzi. Picha ya kifua au ya tumbo haitoki vizuri kama mgonjwa anapumua, kwa hiyo unamwambia avute, afungie, unabonyeza, kisha unamwachilia. Siku yangu ya kwanza nilisema "fungia," nikaanza kuhangaika na vifungo, nikamsahau mama wa watu mpaka macho yakamtoka. Papa Anselme akanivuta sikio, na nilikuwa mtu mzima.

"Régine, ile mashine haina mapafu. Weye uko nayo. Ukimuambia muntu afungie, na weye fungia. Ukichoka, ujue naye amechoka."

Tangu hapo sijampiga mgonjwa picha bila kufungia naye. Mume wangu alikuwa akicheka kwamba mke wake anarudi kazini amepungukiwa hewa.

Nilivuka kuja Kamembe, upande huu wa Rwanda, baada ya yale mauaji ya kimbari, miezi ile ambayo barabara zilikuwa kimya hata mchana. Hospitali ilikuwa na kuta na paa na daktari mmoja. Chumba cha radio nilikikuta hakina mlango. Walioiba walichukua vitasa, balbu, hata ubao wa kuandikia, lakini mashine ilikuwa nzito mno, na ile aproni ya madini ya risasi inayozuia mionzi hakuna aliyejua aifanyie nini. Niliikuta sakafuni, imekunjwa vizuri. Mtu alikuwa ameitumia kama mto. Ukutani kulikuwa na mambo ambayo sitayaeleza. Nilisugua kwa majivu na sabuni, na siku iliyofuata nikasugua tena, na hata tulipopaka chokaa mimi niliendelea kuyaona mahali pale pale.

Wagonjwa wa miaka ile walikuwa wa mafuvu yaliyopasuliwa na mifupa iliyojiunga yenyewe porini, imepinda. Lakini si mifupa iliyonitisha. Hebu fikirini kazi yetu inavyosikika kwa mtu kama yule. Unamwingiza katika chumba cha giza, unamwambia vua shati, lala, usitikisike, usipumue. Mwanamume mzima, mjenzi wa nyumba, alinikojolea mezani, akaomba radhi kwa adabu kama amemwaga chai. Mwingine alisimama akatoka nje na bamba la filamu chini ya kwapa, akaenda nalo mpaka sokoni. Nilijifunza kuacha mlango wazi kwanza, kumwonyesha mtu kila kitu, kumruhusu aguse. Wenzangu waliniita mvivu. Waliniita mengi.

Kisha vita ikaanza Kongo, ikaisha, ikaanza tena. Daraja la Rusizi ya pili, la kuvukia Bukavu, likafunguliwa asubuhi na kufungwa mchana, na sisi ambao tulikuwa na jamaa pande zote mbili tulijifunza kutouliza. Dawa nyingi za hospitali yetu zilitoka Bukavu, hata dawa ya iodini ya kupigia picha za figo. Kigali tulikuwa tukiandika na kuambiwa tungoje. Tulikuwa hodari wa kungoja.

Hapo ndipo Mariamu alipoletwa.

Alikuwa na umri wa miaka ishirini hivi, mke wa Issa, fundi cherehani wa karibu na msikiti wa Kamembe. Alikuwa mwembamba, ameshonewa gauni zuri kuliko yote wadini, na alikuwa na presha ya mzee wa kitambi. Kichwa kilimuuma mpaka anatapika. Mimba mbili zilikuwa zimeharibika. Dokta Bahati, Mkongomani aliyekuwa akitufanyia upasuaji, mtu wa maneno machache na hasira nyingi, alimpa dawa zote alizokuwa nazo kabatini na presha haikushuka. Akaja chumbani kwangu akakaa juu ya kiti changu.

"Msichana kama huyu hapati presha hivi hivi," akasema. "Nadhani mshipa wa figo moja umebana. Figo ikikosa damu inafikiri mwili mzima umekauka, inapandisha presha ya wote. Kama ni moja, naikata, anapona. Kama ni zote mbili, siwezi kitu. Kama sijui ni ipi, siwezi kukata. Nionyeshe ni ipi."

"Na tukikosa picha?"

"Mshipa utapasuka kichwani. Mwezi huu, mwezi ujao, sijui."

Nyinyi leo mnaiona mishipa yenyewe. Sisi tuliiona kwa kuvizia. Unamdunga mgonjwa iodini kwa haraka, halafu unapiga filamu dakika ya kwanza, ya pili, ya tatu, na nyingine baadaye. Figo yenye mshipa mzima inang'aa mapema. Figo yenye mshipa uliobana inachelewa, kama mtu asiyetaka kwenda shambani. Ukiona moja imewaka na nyingine bado, umeshapata jibu. Lakini kila filamu inataka mgonjwa afungie pumzi, kisha apumue vizuri, kisha afungie tena. Akipumua vibaya figo zinapanda na kushuka, na filamu inatoka kama uji.

Mariamu alilala mezani bila neno. Nilimwonyesha kila kitu, nikamwachia mlango, nikamweleza kwamba dawa itampa joto mwilini na ladha ya chuma mdomoni. Aliitikia kwa kichwa. Dokta akadunga. Nikaenda nyuma ya ukuta wangu mdogo wa mbao uliobandikwa madini ya risasi, mahali tunaposimama ili mionzi isituchome, nikaita, "Vuta. Fungia." Akafungia vizuri kuliko mgonjwa yeyote niliyepata kumwona. Nikabonyeza.

"Imeisha, Mariamu. Pumua."

Hakupumua.

"Imeisha, mwanangu. Pumua!"

Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshaachia, kwa kuwa kifua changu kilikataa. Nikachungulia. Alikuwa amelala vile vile, macho wazi, shingo imevimba mishipa. Dokta akamtikisa bega, akazidi kukaza. Dakika ya pili ikafika, ya tatu ikafika, nikabonyeza kwa sababu dawa haingoji mtu, na kila nilipobonyeza mwili wake ulikuwa umeanza kutetemeka wenyewe. Halafu akavuta hewa kwa kishindo kama mtu aliyetolewa ziwani, damu ikamtoka puani. Presha ilikuwa imepanda mpaka Dokta akatupa kile kipimo juu ya shuka na kutukana kwa Kimashi, lugha ya kwao.

Filamu ya kwanza ilikuwa nzuri, lakini peke yake haikutosha, kwa sababu hapo dawa ilikuwa haijafika, figo zote mbili ni giza. Nyingine zote nilizitundika karibu na mlango, mahali pa Papa Anselme.

Na dawa ile ilikuwa ya mwisho kabatini.

Dokta alisema mgonjwa ni mkaidi. Mimi niliwahi kuwaona wakaidi, hawafanani hivyo. Nikateremka Kamembe kwa miguu mpaka kwa mama aliyemlea, Mama Zaituni, mfanyabiashara wa nguo za mitumba. Kila mtu wa soko alimjua. Alikuwa mkubwa wa mwili na sauti, akivuka daraja karibu kila siku na kuwaita askari wa pande zote "mwanangu" mpaka wakaona haya kumpekua. Alinikaribisha kwa kahawa ya tangawizi na Kiswahili chake cha mpakani, ambamo "wa" huwa "ba" na "ndiyo" huwa "njo". Nilipomweleza yaliyotokea, aliweka kikombe chini.

"Unamusimamia wapi ukimuita?"

"Nyuma ya ukuta."

"Na unamuambia nini?"

Nikamwambia. Imeisha, pumua.

"Ah, Maman Régine!" Alijipiga paja. "Ah, muntu wa Mungu! Sikiliza. Mi nilimuficha mu depo yangu, chini ya mabalo ya nguo. Mama yake na bakaka yake balikuwa mu ndizi, kule nyuma. Bale bantu balikuya, bakatafuta, habakuona. Njo bakamuleta jirani yabo, ule mwenye alikuwa anamubeba Mariamu mugongoni akiwa mutoto. Akasimama nyuma ya ukuta, akaita pole pole, kama baba. Batoto, mutoke, imeisha. Amani imerudi. Mutoke mupumue."

Nje mtu alikuwa akigombana juu ya ndizi.

"Balijua sauti yake. Balitoka," akasema. "Mariamu alisikia yote. Alisikia na kile kilifuata. Jioni nilifungua balo, alikuwa angali anafungia. Nilimuita, hakunijibu. Sikumuita tena. Nilimushika tu mukono, nikakaa naye, mpaka akapumua mwenyewe."

Nilikunywa ile kahawa ikiwa ya moto bado kwa sababu sikujua nifanye nini na mdomo wangu. Miaka yote nilikuwa nikijisifu kwamba ninafungia pamoja na wagonjwa. Sikuwahi kufikiria ninasimama wapi ninapowaachilia.

Tukapanga pale pale. Mama Zaituni angevaa aproni ya risasi, asimame mezani, amshike mkono Mariamu. Akimbana, afungie. Akimwachia, apumue. Mimi nisingesema kitu.

"Aproni yenyewe ni nzito," nikamwonya.

"Mi nabeba balo ya kilo ngapi, weye?" Akacheka. "Dawa njo hakuna? Niambie jina. Bukavu najua maduka ya dawa yote, hata yale yenye kufunga mulango."

Nikamwandikia jina. Siku ile hakukuwa na mlio wa bunduki. Nasema hivyo kwa wale wa ukoo wake waliokuja kuuliza baadaye kwa nini tulimwacha avuke. Alivuka kama alivyovuka siku zote, na kapu lake kichwani, akimwambia askari wa kwanza, "Mwanangu, umekonda."

Aliyerudi na kapu ni mwanamke aliyekuwa akifanya naye biashara. Walikuwa wanateremka kurudi kwenye daraja, risasi zikaanza huko juu, watu wakakimbia, na Mama Zaituni hakuwa mtu wa kukimbia. Alipigwa shingoni. Yule mwanamke alilala juu ya kapu mpaka milio ikapungua. Ndani yake chupa za dawa zilikuwa zimefungwa katika kitenge, moja imevunjika, mbili nzima. Wanaume wa msikiti walikwenda darajani wakabembeleza, wakabembeleza tena, wakapewa mwili, wanawake wa soko wakauosha, nao wakauzika Kamembe siku ile ile kabla ya jua kuzama.

Mariamu alikuwa wadini kwetu, chini ya sindano za kushusha presha. Hakuambiwa.

Huo ndio utaratibu wetu, mnaujua. Mgonjwa hapewi habari ya msiba. Watu wanakuja kumwona na nyuso zilizooshwa, wanamwambia fulani amesafiri, fulani ana mafua, na siku akipata nguvu wazee wanaketi naye, wanazunguka na maneno mpaka wafike. Mimi mwenyewe nilifichwa kifo cha mama yangu hivyo nilipojifungua. Sikumlaumu mtu. Issa alikubali, wazee wa msikiti walikubali, na Dokta Bahati aliamuru. Aliniita pembeni.

"Akiuliza dawa imeletwa na nani, sema shofa wa gari la Kigali. Umesikia? Presha yake ilivyo, ukimwambia leo, unamuua kwa mdomo wako."

"Ndiyo, Dokta."

Na nilikusudia kusema hivyo. Nawaapia. Nilijifunza sentensi ile nikitembea korido: shofa wa Kigali, shofa wa Kigali.

Wakamleta asubuhi kwa kitanda cha magurudumu. Nilikuwa nimevaa aproni mimi mwenyewe, na ule waya wa kitufe nimeuvuta mpaka unafika mezani, jambo ambalo nyinyi msilifanye kamwe, na mkilifanya msiseme mlifundishwa na mimi. Mariamu alilala. Akatazama chumba. Akaiona ile aproni kifuani pangu.

"Mama eko wapi? Alisema njo yeye atavaa."

"Atachelewa kidogo," Dokta akasema, akipangusa sindano.

Mariamu akageuza kichwa akaziona zile chupa mbili kwenye sinia. Msichana aliyelelewa dukani anajua mzigo wa nani ni upi.

"Ni nani alileta dawa?"

Dokta akanitazama. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Shofa wa Kigali. Nikamtazama Mariamu, nikaona shingo yake imeanza kukaza. Alikuwa ameshaanza kufungia. Hata sijamwambia. Alikuwa amelala pale akisikiliza sauti mbili za upole zikimwambia mambo ni shwari, na mwili wake ulikuwa unazijua sauti za namna hiyo. Nikaelewa kwamba nikimpa shofa, nitapata filamu kama uji tena, na chupa zitakwisha, na atakufa mwezi huu au ujao akiwa amefungia. Na nikaogopa pia. Nikimpa ukweli, huenda akafa sasa hivi mkononi mwangu. Jasho lilinitiririka chini ya ile aproni mpaka kiunoni. Hakuna kitabu kilichoniambia nifanye nini, wala Papa Anselme hakuwepo wa kunivuta sikio.

Nikamshika mkono.

"Mama yako ndiye aliyeileta dawa," nikasema. "Alipigwa risasi akirudi nayo. Amekufa, Mariamu. Wamemzika hapa Kamembe, upande wetu."

"Régine!" Dokta alipiga kelele. Sinia ikaanguka, na ninawashukuru malaika kwamba chupa alizidaka. Alinitukana kwa Kifaransa, akanitukana kwa Kimashi, akamfunga Mariamu kipimo cha presha. Sitawaambia kilisoma nini. Alikaa sakafuni.

Mariamu alikuwa hapumui. Nilihesabu na kifua changu. Nilifungia naye, bila kukusudia, ni mazoea. Nilifungia mpaka masikio yakaanza kulia, nikafika mwisho, nikaachia. Sikumwambia neno. Nilibaki nimemshika mkono tu.

Kisha akapumua. Pole pole, mara moja, halafu tena.

"Balimuosha?" akauliza.

"Walimwosha. Wanawake wenzake wa soko."

"Na sanda?"

"Issa ndiye aliyeikata."

Alifumba macho. Hakulia. Alikaa hivyo mpaka Dokta akainuka sakafuni, akampima tena, akavuta dawa kwenye sindano.

"Sawa," Mariamu akasema. "Piga."

Tulipiga. Nilimwambia, "Vuta, fungia," nikiwa nimesimama anaponiona, mkono wake katika wangu, kitufe katika mwingine. Nikasema, "Pumua." Akapumua. Filamu ya pili, akapumua. Ya tatu, akapumua. Nilikimbia nazo chumba cha giza, nikazizamisha, nikaangusha moja kwenye maji ya mwisho. Nilipozitundika, figo ya kulia ilikuwa imewaka tangu filamu ya pili, imejaa, nzuri. Ya kushoto ilikuwa ndogo kama embe dogo, na ilikuwa bado giza mpaka filamu ya mwisho, ambapo ilijitokeza kwa shida kama mtu aliyeamshwa.

Dokta Bahati alizipitia moja moja mbele ya taa.

"Kushoto," akasema. Kisha, bila kunigeukia: "Ningekufukuza kazi leo. Bado sijaamua."

Aliikata figo ile wiki iliyofuata. Presha ilishuka usiku huo huo, ikakaa chini. Mnamjua Mariamu, baadhi yenu. Ndiye mwenye duka la vitenge karibu na stendi, na binti zake wawili.

Mambo ya wazee yalifuata utaratibu wake. Nyuzi zilipokauka walikuja wadini, mzee wa msikiti na dada yake Mama Zaituni na wanawake wawili. Walikaa, wakaulizia afya, wakazunguka, wakasema dunia ni mapito, wakasema mama yako alikuwa mtu wa safari. Mariamu aliwasikiliza mpaka mwisho kwa adabu, hakuwakatiza. Kisha akasema, "Najua. Maman Régine aliniambia."

Walinigeukia wote. Nilikuwa mlangoni na bamba langu. Dada wa marehemu akasema, "Na kama mutoto angekufa juu ya meza?"

Angeweza kufa. Yule mama hajanisalimia tangu siku hiyo, na tunaishi mtaa mmoja. Tukikutana sokoni anageukia nyanya.

Walipomruhusu Mariamu kutoka hospitali, hakutaka kupelekwa nyumbani kwake. Aliomba apelekwe kwa Mama Zaituni, ambako mkeka wa msiba ulikuwa bado umetandikwa kwa sababu yake. Nilimsindikiza, nikimshika upande usio na kidonda. Wanawake walikuwa wamekaa, wakasogea wakampa nafasi. Issa aliniambia baadaye kwamba kwa miaka yote ya ndoa hakuwahi kusikia kilio chake, hata zilipoharibika mimba. Katika msiba wa Kiislamu pale Kamembe haipendezi kulia kwa sauti. Wakubwa wanakubana bega, wanakuambia nyamaza, sema Inna lillahi.

Mariamu alikaa katikati yao, akaweka mkono juu ya nyuzi zake, akalia. Alilia kwa sauti, kwa kifua kizima, akivuta hewa na kuitoa, mpaka watu wakasimama njiani, na hakuna mwanamke hata mmoja aliyemwambia anyamaze.